Mkia wa Mtungi

Saa moja asubuhi ya Jumamosi, dumu la bluu lilikuwa nyuma ya jiko la A Hyao, limefunikwa kwa gunia la kahawa lisilotosha. Y Hlam aliliona kabla hata hajavua kofia ya pikipiki. Lilikuwa la lita ishirini, kifuniko kimekazwa kwa kipande cha nailoni, ubavuni halina karatasi wala jina la kiwanda. Alichutama, akalifungua, akanusa, akalifunga. Pua haikumwambia kitu, naye hakutegemea imwambie. Alikuwa mwalimu wa kemia. Kila mwaka aliwaeleza wanafunzi kwamba kuna pombe inayolewesha na kuna nyingine inayopofusha, na kwamba hizo mbili zinafanana rangi na karibu harufu, kiasi kwamba mnywaji hajui amekunywa ipi mpaka kesho yake.

A Hyao alikuwa kaka yake mkubwa. Kijijini hakuna aliyemwita kwa jina hilo. Tangu alipopata mtoto wa kwanza alikuwa Baba Jring, na kumtaja mtu mzima kwa jina lake tupu ni kumvua nguo.

Siku hiyo kijiji chao, Kon Trol, kilikuwa kinafungua rong yake mpya, nyumba ya mikutano na sherehe. Ile ya zamani iliungua, na wanaume walikata miti na nyasi kiangazi baada ya kiangazi mpaka paa jipya likasimama, refu kuliko kitu chochote kwenye kilima chao. Kila nyumba ingeleta mtungi mmoja wa pombe ya mtama na mchele, na mitungi yote ingefungwa kwa mstari kwenye mianzi mbele ya ngazi. Jring, mwenye miaka kumi na minne, angepiga upatu mkubwa akiwaongoza wenzake wa shule. Baada ya hapo angekalishwa kwenye mtungi wa nyumbani kwao apewe mrija kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Baba yake aliingojea siku hiyo kuliko alivyolingojea paa.

Y Hlam alikuwa na sababu ya kutazama madumu. Mwezi wa mavuno, kwenye harusi ng'ambo ya mto, msichana wa darasa la tisa aitwaye Y Nhui alikunywa na wenzake karamu ilipokuwa inaisha. Asubuhi alilalamika kwamba nyumba imejaa moshi, na jikoni hakukuwa na moto. Jioni moshi ukawa mweusi. Haujaondoka mpaka leo. Hospitali ilisema ni methanoli. Kijiji kilisema msichana alikunywa na njaa, maana wazee sita waliukalia mtungi uleule na wote wako wazima.

Mkuu wa shule, Mwalimu Toan, mtu wa tambarare mwenye nia njema, alichapisha kadi: Mimi mwanafunzi naahidi sitagusa pombe. Y Hlam ndiye aliyezigawa. Kadi za namna hiyohiyo zilikuwa zimegawiwa mwaka uliotangulia, na Y Nhui alitia saini yake kwa mwandiko mzuri kuliko wenzake wote. Mtoto aliyenyooshewa mrija na babu yake hatoi kadi mfukoni.

Basi Y Hlam alivuka mto akaenda kuuliza. Hakuuliza nani alikunywa. Aliuliza nani alikaa lini.

Pombe ya mtungi huanza kali. Maji hujazwa mpaka ukingoni, kijiti hulazwa juu ya mdomo, na ncha yake huzama ndani ya maji upana wa vidole viwili. Anayekaa huvuta kwa mrija mpaka ncha iwe juu ya maji. Hapo zamu yake imekwisha, na maji hujazwa tena kwa anayefuata. Wazee hukaa kwanza, halafu watu wazima, halafu vijana. Kwa kila zamu ukali unapungua, hata ikifika kwa watoto kilichobaki ni maji yenye harufu ya mtama. Hiyo sehemu huitwa mkia wa mtungi. Hakuna mtu aliyewahi kukaa akatunga sheria ya kuwalinda watoto. Mpangilio wenyewe uliwalinda.

Lakini siku hizi mtungi unaochujuka mapema ni aibu. Watu husema nyumba hiyo imebania mchele. Kwa hiyo zamu za mwisho hazijazwi maji, zinajazwa kutoka kwenye dumu. Wakati huo wazee wameshainuka kwenda kula nyama. Mkia umekuwa mkali kuliko kichwa, na wanaokaa mkiani ni walewale watoto.

A Hyao alikuwa uani, anafunga majani ya ndizi kwenye mdomo wa mtungi wake.

"Kaka, dumu la huko nyuma ni la nini?"

"Maji ya kuoshea pikipiki."

"Vizuri. Nipe nioshe yangu."

A Hyao alikaza kamba. "Umekuja sherehe au umekuja ukaguzi?"

"Umelinunua wapi?"

"Njia panda. Kila mtu ananunua pale."

"Muuzaji anatengeneza mwenyewe?"

"Analetewa."

"Na nani?"

"Na gari."

"Gari la nani?"

"Hlam, siku ukizaa, mtoto atatoka ameshika rula."

"Y Nhui alikunywa dumu la njia panda."

"Y Nhui alikunywa na njaa. Wazee wao mbona wanaona? Juzi nimemkuta mmoja anatunga uzi kwenye sindano, wala hakunyanyua mkono kukinga jua."

"Wazee walikunywa kabla ya dumu kuingia. Nimeuliza mmoja mmoja."

A Hyao alijibu bila kumtazama dada yake. "Mwaka jana mtungi wangu ulichujuka jua likiwa bado juu kabisa. Wewe ulikuwa mjini, hukusikia. Mama Tik alisema mbele ya watu kwamba nimepika uji. Mpaka leo nikipita kisimani wananiita Baba Uji. Leo mwanangu anakaa kwenye mtungi wangu. Hakai kwenye uji."

"Sijui kama dumu lako lina sumu," alisema Y Hlam. "Huenda halina. Ninachojua ni kwamba wewe pia hujui, na muuzaji hajui, na mwenye gari hasemi. Unataka kumpa Jring kitu ambacho katika watu wote watatu hakuna anayekijua."

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi malizia njiani."

Jring alitoka ndani na upatu begani, ameusugua kwa mchanga na ndimu mpaka unaakisi nyuso. "Shangazi! Ona. Unaweza kunyolea ndevu humu."

"Ndevu za nani?"

"Zangu, zinakuja."

Y Hlam alimvuta pembeni. Alimwambia kwamba leo shangazi mtu ndiye atakayejaza maji mtungi wa baba yake. Akimwona shangazi ameshika kibuyu cha maji, anaweza kukaa. Asipomwona, asivute mrija.

"Sasa watu wote wananitazama, Babu Dreng ananitazama, nitasema nini?" Jring aliuliza. "Nitasema shangazi yangu hayupo?"

Y Hlam alishika njia kwenda kwenye rong.

Babu Dreng, msimamizi wa karamu, alikuwa chini ya rong anachonga vijiti vya kupimia. Alikuwa mzee mfupi, mkali, mwenye kisu kidogo kilicholika kwa kunolewa. Alivipanga vijiti kwenye mkeka na kupima kila ncha kwa vidole vyake mwenyewe, kwa sababu vidole vya watu wengine, alisema, vina tamaa.

"Najua ulichokuja kusema," alimwambia kabla hajaketi. "Watoto wasinywe."

"Ndiyo, Babu. Lakini sikuja kuomba hilo."

"Afadhali. Maana ningekukatalia. Hapa mtoto anakunywa mama yake akimwona, zamu moja, kwa kijiti, kisha anaambiwa inuka. Kule dukani nani atamwambia inuka?"

Y Hlam alilifikiria hilo. Alikuwa amewaona wanafunzi wake nyuma ya duka la njia panda Jumamosi jioni, wakipokezana chupa bila kijiti chochote. "Hilo ni kweli," alisema.

Babu Dreng alimtazama kama aliyetegemea ubishi akaukosa. "Sasa unataka nini?"

"Leo ukae mwisho kwenye mtungi wa kaka yangu."

Mzee alicheka mpaka kisu kikamtoka. "Mkia! Binti, walionifundisha kukaa kichwani nimewazika wote kwa mikono hii. Mkia ni wa watoto na mbwa."

"Mara ya mwisho kuonja mkia ilikuwa lini, Babu?"

Aliokota kisu. Hakuchonga. "Kabla sijaoa."

"Ulikuwaje?"

"Maji tu. Tulikuwa tunajifanya tumelewa, tunaangukiana, ili wasichana watucheke."

"Leo si maji."

"Nani amesema?"

"Usimsikilize aliyesema. Onja."

"Mwalimu," alisema Babu Dreng, na sauti yake ilikuwa imeshafunga mlango, "nenda kasaidie wenzako kujaza mchele kwenye mianzi ya kupikia."

Alikwenda. Alijaza mchele kwenye mianzi mpaka saa nne, akiwa amekaa mahali ambapo aliweza kuuona mtungi wa kaka yake.

Patu zilipoanza, watu walizunguka rong mara tatu, Jring mbele. Alipiga vizuri. Hakuharakisha kwenye kona, mahali ambapo wavulana wengi huharakisha, na Y Hlam alisikia mwanamke mmoja nyuma yake akisema huyo ni mtoto wa nani. Babu Dreng alimwaga damu ya kuku kwenye nguzo ya kwanza, akaongea na waliotangulia, kisha akakaa kwenye mtungi wa kwanza, akavuta, akainuka. Karamu ikafunguka.

Kujaza maji ni kazi ya vijana. Y Hlam alipochukua kibuyu na kusimama karibu na mtungi wa A Hyao, Mama Tik alimwona kutoka mtungi wa pili.

"Jamani, mwalimu kawa mchota maji! Mshahara haujatoka?"

"Umetoka, Mama Tik. Nimeambiwa hapa kuna posho."

"Posho ya uji!" alidakia mtu, na watu wakacheka, na A Hyao akacheka pamoja nao, ila macho yake hayakucheka.

Wazee walikaa, wakainuka. Watu wazima walikaa. Y Hlam alijaza maji ya kisima kila zamu na kuona sura za wanywaji zikibadilika: wa kwanza walikunja uso, waliofuata walitikisa kichwa, mmoja wa mwisho aliangalia ndani ya mtungi kana kwamba ameangusha kitu. Mtungi ulikuwa unachujuka jinsi unavyotakiwa kuchujuka. Wazee wote walikuwa wameshapanda rong kula.

Hapo ndipo gari la kata lilipofika. Mwalimu Toan alishuka pamoja na ofisa wa vijana, Bwana Luong, na kipaza sauti, na bango la kitambaa lenye maandishi mekundu ya kuwakinga vijana na pombe. Bwana Luong hakujua Kibahnar, lugha ya kijiji. Mwalimu Toan alimkimbilia Y Hlam huku akifuta jasho.

"Mwalimu Hlam, tafadhali, utafsiri. Hotuba fupi tu."

"Nina kazi hapa."

"Kazi gani?" Alitazama kibuyu bila kuelewa. "Hii ndiyo kampeni tuliyoomba wote wawili. Saini ya barua ni yako na yangu."

Ilikuwa kweli. Y Hlam alimpa kibuyu mke wa kaka yake. "Maji tu, Mama Jring. Tafadhali. Maji tu." Mama Jring aliitikia kwa kichwa.

Kutoka ngazi ya rong aliona mstari wote wa mitungi. Bwana Luong aliongea kwa sentensi ndefu, naye alizigeuza moja baada ya nyingine. Vijana ni nguvu ya taifa. Pombe inaharibu ubongo ambao haujakomaa. Watu walisikiliza kwa adabu huku wakitafuna. Katikati ya sentensi kuhusu jukumu la wazazi, Y Hlam alimwona A Hyao akikichukua kibuyu mkononi mwa mkewe, taratibu, na kukiweka chini. Aliona gunia la kahawa. Aliona rangi ya bluu ikiinuka na kuinama juu ya mdomo wa mtungi, ikakaa hapo muda mrefu. Kisha A Hyao alimshika mwanawe begani, akamkalisha.

Jring aligeuza kichwa, akatafuta. Alimwona shangazi yake juu ya ngazi na kipaza sauti mkononi. Watu walikuwa wanapiga makofi na kumwita jina. Aliinama, mashavu yakaingia ndani.

"Ni wajibu wa kila mzazi," alirudia Bwana Luong kwa Kivietinamu, akingoja tafsiri.

Y Hlam hakutafsiri. "Babu Dreng," alisema kwa Kibahnar, kwa sauti ileile aliyoitumia kwa hotuba. "Mtungi wa kaka yangu A Hyao unajazwa kutoka kwenye dumu la njia panda. Jring amekaa mkiani. Asubuhi nilikuomba uonje, ukakataa. Nakuomba tena, mbele ya kijiji. Kama mkia ni maji, mimi ni mwongo, na nitahama Kon Trol."

Bwana Luong alipiga makofi. Mwalimu Toan naye alipiga, kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayepiga.

Alikuwa ametaja jina tupu la kaka yake kwenye kipaza sauti. Hata watoto walikuwa wameacha kutafuna.

Babu Dreng alitoka ndani ya rong na kipande cha nyama mkononi. Alimpita Y Hlam bila kumtazama, akashuka ngazi, akatembea mpaka kwenye mtungi. "Inuka," alimwambia Jring. Jring aliinuka. Mzee aliketi kwenye kigoda cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni, akachukua mrija. Hakuna aliyecheka.

Alivuta mara moja. Hakumeza. Alikaa na pombe kinywani, macho kwenye kijiti alichokichonga mwenyewe, kisha akageuka akatema ardhini. Akapangusa ulimi kwa mkono wa shati.

"Inaunguza," alisema. Hakupaza sauti, lakini ilisikika.

Alikwenda mtungi uliofuata, na uliofuata huo, akionja mikia na kutema. Kwenye baadhi alitema haraka. Kwenye mtungi wa Mama Tik alivuta, akasimama, akavuta tena, akameza. Mama Tik alifunika mdomo kwa kanga ya begani. Kila mtu karibu naye alijua maana yake: mtungi wake ulikuwa umechujuka kabisa.

"Huu ni maji," alisema Babu Dreng.

"Babu, mwaka huu mtama haukukubali," alianza Mama Tik.

"Nyamaza. Nasema huu ndio mkia." Alirudi kwa A Hyao. "Baba Jring. Mwanao amekunywa kiasi gani?"

A Hyao alitazama kijiti. Ncha ilikuwa juu ya maji. "Zamu moja."

"Hii niliyotema?"

"Hiyo."

Babu Dreng alikata kamba iliyoufunga mtungi kwenye mwanzi, akausukuma kwa mguu. Mtungi haupinduliwi kwenye karamu. Unapinduliwa makaburini, familia inapomwacha marehemu aende zake. Pombe ilikimbia kwenye vumbi mpaka kwenye viatu vya Bwana Luong, ambaye alirudi nyuma hatua moja na kuuliza kwa Kivietinamu ni desturi gani hiyo.

Y Hlam alikuwa ameshafika chini. Alimimina pombe ya dumu kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akaikaza. "Twende hospitali," alimwambia kaka yake.

"Mzima kabisa. Mwangalie, anacheka."

Jring alikuwa anacheka kweli, kicheko cha aibu, uso mwekundu.

"Y Nhui naye alicheka usiku ule," alisema Y Hlam. "Ukingoja aache kucheka, umechelewa. Ndiyo maana twende sasa."

A Hyao alikwenda akaleta pikipiki.

Vijana wengine watano walikuwa wamekaa kwenye mikia mingine. Y Hlam alimweleza Mwalimu Toan kwa maneno machache, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Mwalimu Toan hakuuliza swali. Alikunja bango, akawapakia wote watano kwenye gari la kata.

Hospitali ya wilaya iliwapeleka ile ya mkoa. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Aliuliza kijana amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi, na kila swali lilipata jibu. Alisema hilo halitokei mara nyingi. Alichukua chupa. Akaagiza Jring anyweshwe pombe safi iliyopimwa, huku mashine ya kusafisha damu ikiandaliwa.

A Hyao aliinuka kwenye benchi. "Pombe? Mtoto wangu anatibiwa kwa pombe?"

"Mwili ukishughulika na hii," alisema daktari, "ile nyingine haigeuki sumu. Inangoja mpaka tuitoe."

"Pombe," alirudia A Hyao, akakaa.

Jumapili jioni majibu ya vipimo yalitoka. Dumu la A Hyao lilikuwa na methanoli, karibu theluthi. Sampuli kutoka madumu mengine mawili ya kijijini hazikuwa nayo, ingawa yote yalinunuliwa kwa muuzaji mmoja, wiki moja. Vijana watano wa gari la kata walirudishwa nyumbani. Muuzaji wa njia panda aliwaambia polisi kwamba hajui gari lilitoka wapi.

Jioni hiyohiyo Babu Dreng alipiga simu, akipaza sauti kama mtu asiyeamini waya. Alisema baada ya misa ametangaza kwamba tangu leo mzee anayefungua mtungi atakaa mara mbili: kichwani, na tena mkiani, kabla kijana yeyote hajashika mrija. Y Hlam alimuuliza kuhusu watoto wa shule kutokaa kabisa. Mzee alisema simu inakatika.

A Hyao alikuwa amekaa mwisho wa ukumbi, kofia magotini. Y Hlam alikaa karibu naye.

"Ulinitaja jina," alisema A Hyao.

"Ndiyo."

"Kwenye kipaza sauti."

"Ndiyo."

"Ungeweza kusema Baba Jring."

"Ningesema Baba Jring wangedhani ni utani. Wangesema posho ya uji, wakacheka, naye angekunywa zamu ya pili."

A Hyao aliigeuzageuza kofia. "Nilimnyang'anya mama yake kibuyu," alisema. "Aliniambia wewe umesema maji tu. Nikamnyang'anya."

Jumatatu saa tatu asubuhi muuguzi alimleta Jring mbele ya ubao wa herufi na kumwambia afunike jicho la kulia. Jring alisoma kuanzia herufi kubwa ya juu mpaka mstari wa chini kabisa. Alifunika la kushoto, akasoma tena. Muuguzi alimuuliza kama anaona ukungu, au moshi, au vitone vyeupe. Jring alisema haoni. A Hyao, ambaye shule aliiacha kabla ya kumaliza alfabeti, alisogea mpaka kwenye ubao, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza ya mstari wa mwisho.

"Hii?"

Jring alimtajia. A Hyao alisogeza kidole kwenye ya pili, kisha ya tatu, na Jring alizisoma zote tena, moja moja, mpaka mwisho wa mstari.